Kompyuta Pacha

Kila siku ninapiga pasi mashati ya waume wa watu. Hiyo ndiyo kazi yangu, katika duka la dobi hapa mtaani kwetu Sanchong, ng'ambo ya mto kutoka Taipei. Ninaanza saa mbili asubuhi, ninamaliza saa kumi na moja jioni. Kola zao nimezizoea. Najua nani shati lake limechakaa na nani ameanza kunenepa. Lakini mwaka huo wa 2004, shati la mume wangu mwenyewe sikuwa nimelishika kwa miezi kumi na minne.

Mume wangu anaitwa Wen-tsung. Ni fundi wa mashine. Zamani kiwanda chao kilikuwa hapahapa. Kisha wenye kiwanda wakakihamishia bara, katika mji wa Dongguan, China. Mashine zilipakiwa melini. Mafundi wakaambiwa kwamba anayetaka kazi aifuate mashine yake. Wen-tsung akaifuata.

Mara ya mwisho alikuja likizo mwezi wa saba, mwaka uliotangulia. Akakaa siku tisa. Mwaka Mpya wetu ulipofika, kiwanda kilikuwa na kazi nyingi, akanyimwa ruhusa. Tukasema atakuja Sikukuu ya Mwezi Mpevu. Mwezi wa nane akapiga simu kuniambia kwamba hata hiyo hataiwahi.

Nyumbani nilibaki na mama mkwe wangu. Mwana wetu mmoja tu alikuwa jeshini, akimaliza muda wake wa lazima. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili katika ghorofa ya tatu, tukila chakula bila kelele.

Tulipigiana simu kila Jumapili. Simu ni kitu kizuri, lakini haina uso. Nilitamani kuuona uso wa mume wangu mpaka nilikuwa nikimwona barabarani. Mtu anapita amebeba mfuko, nageuka haraka, kumbe si yeye.

Na mtaani watu wana midomo. Mwanamke anayeuza matunda aliwahi kuniambia, huku akinipimia mabalungi:

"Pi-hsia, mumeo bado yuko Dongguan?"

"Bado yuko."

"Haya. Wa dada yangu naye alikuwa hukohuko. Kumbe alikuwa na nyumba ndogo, na mtoto tayari anatembea."

"Wangu hana hata muda wa kulala," nikasema.

"Dada yangu naye alikuwa akisema hivyohivyo. Nikuongezee moja?"

Nilicheka pale dukani. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Jumapili moja Wen-tsung alipiga simu akiwa na furaha.

"Nimenunua makasha mawili ya kompyuta," akasema. "Ni pacha kabisa. Moja langu, moja lako. Lako nimelipakia kwenye kontena la kiwanda, litafika bandarini wiki ijayo. Pawa saplai imo ndani, nimeshakufungia."

"Pawa saplai ndiyo nini?"

"Kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Wewe nenda soko la chini ya daraja, nunua vitu vilivyobaki. Nunua na kamera. Ufunge mwenyewe. Siku ya sikukuu, saa moja jioni, mimi nitakaa mbele ya kompyuta yangu, wewe utakaa mbele ya yako. Tutaonana."

"Mimi? Nifunge kompyuta?"

"Hapo Taipei mpaka wauza tambi wanajifungia kompyuta zao. Wewe pasi ya mvuke unaifungua na kuirudisha. Umeshindwa na nini?"

Ni kweli, pasi ya mvuke naifungua mwenyewe. Nikakubali.

Kasha likafika. Ili lisigongwegongwe njiani, alikuwa amelizungushia mashati yake mawili ya kazi. Yalikuwa yananuka grisi na jasho lake. Niliyashika, nikayanusa, nikakaa nayo kitandani muda mrefu. Sikuyafua. Anayetaka kunicheka anicheke.

Jumamosi yake nikaenda sokoni. Nikapata duka la Bwana Chuang, mtu mpole mwenye penseli nyuma ya sikio. Akachukua karatasi ya kuorodhesha vifaa.

"Kompyuta ya kazi gani, mama?"

"Ya kumwona mume wangu."

Akanitazama kidogo. "Basi huhitaji vitu vikubwa. Watu wengi hununua kompyuta ya kushinda mbio, kisha wanaandikia barua. Tuanze na prosesa. Hii ndiyo inayofanya hesabu zote. Inakaa kwenye ubao huu, tunauita bodi mama. Viwili hivi lazima vikubaliane. Tundu la bodi likiwa la aina nyingine, prosesa haiingii hata uisukume vipi. Usiisukume."

"Sitaisukuma."

"Memori nayo ina aina yake. Unaliona pengo hili dogo? Lazima liangukie kwenye kibonge cha bodi. Halafu nakupa bodi yenye picha na sauti ndani yake, usinunue kadi nyingine. Diski ya kuhifadhi mambo yako, hii inatosha. Pawa saplai?"

"Ninayo. Mume wangu kaniletea."

"Imeandikwaje kwenye kibandiko?"

"Ni nzuri," nikasema. "Mume wangu ni fundi."

Bwana Chuang akairudisha penseli sikioni. Hakuna muuza duka anayebishana na mume wa mtu.

Nilifunga vitu vyote kwa jioni tatu, nimekaa sakafuni. Nilipotaka kuchomeka, plagi ya waya uliokuja na kasha haikuingia kwenye soketi yetu. Miguu yake imekaa mshazari, ya kwetu imenyooka. Nikasema hili ni jambo dogo. Nikanunua waya mwingine wa hapahapa, plagi ikaingia. Sasa najua kwamba pale ndipo ningepaswa kusimama na kuuliza.

Nikabonyeza swichi. Taa ikawaka, feni ikazunguka. Mama mkwe akapiga makofi. Kabla hajamaliza kupiga, feni ikasimama na taa ikazima. Nikabonyeza tena. Ikawaka, ikazima.

"Ngoja," akasema mama mkwe. Akaenda dukani akarudi na pakiti ya kijani ya vitafunwa, ile ambayo kwetu huwekwa juu ya mashine ili zitulie. Kila ofisi inayo. Kila benki inayo. Akaiweka juu ya kasha kwa mikono miwili. "Sasa bonyeza."

Nikabonyeza. Ikawaka, ikazima.

Nikaanza safari za sokoni. Kwanza nilipeleka memori. Bwana Chuang akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani pake, ikafanya kazi. Siku nyingine nikapeleka bodi mama pamoja na prosesa yake. Nilifika nimekunja uso, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameniuzia kitu kibovu. Akaviweka mezani, akavipa umeme, navyo vikafanya kazi vizuri kabisa. Wateja wakanitazama. Nikaviokota vitu vyangu nikaondoka bila kuaga.

Ikafika Jumapili. Sikukuu ilikuwa Jumanne. Nikaamka mapema, nikaibeba tena bodi ndani ya boksi lake, sijui niende kufanya nini nayo. Chini ya ngazi zetu kuna meza ya Dada A-luan, anayeuza maziwa ya soya na mayai ya kukunja asubuhi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mdomo wake haukai kimya.

"A-hsia, mdogo wangu," akaniita. "Hiyo bodi naona unaitembeza kama mgonjwa. Leo mara ya pili. Daktari kasemaje?"

"Dada, niache. Wewe utajua nini habari za bodi mama?"

Akamkabidhi mteja maziwa yake. Akajifuta mikono.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Kiwandani Xinzhuang, laini ya kupima. Kila zamu bodi mia tatu zilipita kwenye vidole hivi. Nikichomeka, nikisikia mlio mfupi mmoja, naipitisha. Nikisikia milio mitatu, naitoa. Halafu laini ikahamia bara, kama ya mumeo. Mashine wakazichukua. Sisi wanawake wakatukatia keki."

Nilikuwa nimekunywa maziwa yake kwa miaka miwili. Sikuwahi kumuuliza alikuwa nani kabla ya maziwa.

"Unapakumbuka?" nikamuuliza.

"Tulikuwa arobaini, tumekaa safu moja, tunachekana siku nzima. Nawakumbuka wote. Haya, panda juu. Nikimaliza mayai haya nakuja."

Alikuja saa nne. Akavua viatu, akamsalimu mama mkwe, akalitazama kasha pande zote huku nikimsimulia safari zangu za sokoni.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Umefunga vizuri. Sasa fungua yote."

"Yote?"

"Yote. Kosa lako la kwanza, ulifunga kila kitu ndipo ukapima. Sasa kuna vitu saba humo ndani, vinasingiziana. Tutajuaje mwongo ni nani? Chomoa waya wa ukutani kwanza. Sasa nenda jikoni ukashike bomba la maji."

"Nishike bomba?"

"Mwili wako una umeme wa msuguano. Wewe kutwa unasugua nguo za nailoni, unao kuliko watu wote wa mtaa huu. Wewe huusikii, lakini memori inausikia, na inaweza kufa. Bomba la chuma linauondoa."

Nikaenda nikashika bomba. Mama mkwe naye akaja akashika, ingawa hakuambiwa.

Tukavitoa vitu vyote isipokuwa pawa saplai. Dada A-luan akalaza bodi mama juu ya boksi lake la karatasi ngumu.

"Siyo juu ya ule mfuko wake unaong'aa," akasema. "Mfuko huo kwa nje unaweza kupitisha umeme. Karatasi haipitishi." Akainua feni ya prosesa. "Mama yangu! Umepaka dawa ya joto kama jamu kwenye mkate. Kiasi cha punje moja ya mchele kinatosha. Dawa hii inapeleka joto kwenye feni. Ikizidi, inavuja pembeni."

Nikafuta, nikapaka punje moja.

"Sasa tunaanza na vitu vichache kabisa. Bodi, prosesa na feni yake, memori moja, pawa. Basi. Diski hapana, kamera hapana. Vichache hivi vikikubali, tunaongeza kimoja. Kikikubali, tunaongeza kingine. Siku kinapokataa, unajua ni kile ulichokiongeza mwisho. Lete daftari, uandike."

Akaisogeza pawa saplai karibu ikiwa bado ndani ya kasha, akachomeka nyaya zake kwenye bodi. Kisha akachukua bisibisi, akagusisha kwa pamoja vijiti viwili vidogo vya chuma kwenye bodi, vile vya swichi. Feni ikazunguka. Ikasimama.

"Memori hiyo," nikasema.

"Memori umeshaipima. Ni nzima. Bodi na prosesa umevipima. Ni vizima. Kwenye meza ya yule muuza duka vilifanya kazi. Meza ile ina nini ambacho wewe huna?"

Nikafikiri. Nilipata jibu mapema, lakini sikutaka kulisema.

"Pawa," nikasema mwishowe.

"Naam."

"Hiyo hapana, Dada. Hiyo katuma mume wangu. Kaichagua mwenyewe."

Dada A-luan akatoa sigara, akakumbuka yumo ndani ya nyumba ya watu, akairudisha.

"Umepima kila kitu isipokuwa hicho," akasema. "Umemtukana muuza duka wa watu. Hicho hujakigusa."

"Ni kwa sababu namwamini."

"Mwamini. Nani kakukataza? Kiwandani, bodi iliyopita kwa rafiki yangu kipenzi niliipima tena. Hakuniona adui. Kesho yake na yeye alipima zangu."

Dada A-luan akashuka kwake, akarudi na pawa saplai aliyoitoa kwenye kompyuta yake ya zamani. Akachomeka. Akagusisha bisibisi.

Feni ikazunguka na kuendelea kuzunguka. Halafu ukasikika mlio mfupi mmoja.

Dada A-luan aligeuza uso wake dirishani. 

"Hiyo ndiyo sauti yenyewe," akasema. "Haya. Geuza pawa ya mumeo, usome kibandiko."

Nikapiga magoti, nikasoma. "Volti mia mbili na ishirini."

"Kuna namba nyingine? Kuna swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kubadilisha?"

"Hakuna."

"Basi. Bara, ukutani kuna volti mia mbili na ishirini. Kwetu hapa ni mia moja na kumi. Kuna pawa zinazokubali kote kuwili, na kuna zenye swichi ya kuchagua. Hii ni ya kule tu. Hapa inapata nusu ya chakula chake. Inainuka, magoti yanalegea, inaanguka. Plagi ilikataa kuingia ukutani kwako, wewe ukaibadilishia waya! Na una bahati. Ingekuwa kinyume, pawa ya hapa ukaichomeka kule, ingelipuka."

"Kwa hiyo ni mbovu?"

"Si mbovu. Dongguan ingefanya kazi vizuri kabisa. Hapa ndipo haiwezi."

Nikaanza kulia. Sikuwa nimekusudia. Nilimfikiria yule mwanamke wa matunda. Nikamfikiria Wen-tsung dukani huko, ananunua makasha mawili, na hakumbuki tena umeme wa nyumbani kwake ni wa namna gani. Miaka ishirini amechomeka vitu kwenye kuta hizi. Nikajiuliza kama kuna mambo mengine ameyasahau.

"Unalilia chuma?" akauliza mama mkwe.

"Silii chuma, Mama."

"Najua hulii chuma." Akaketi sakafuni kando yangu, ingawa magoti yake yanamsumbua. "Kwako ni mumeo. Mimi nilimzaa."

Dada A-luan alitungoja. Kisha akasema polepole, "Kasha linabaki. Kinachotoka ni pawa tu, jambo la skrubu nne."

Mchana ule tukaenda sokoni pamoja. Nikamwomba Bwana Chuang radhi mbele ya wateja, kama nilivyomtukana mbele ya wateja. Akasema hakumbuki. Muungwana yule.

"Lakini nawe," Dada A-luan akamwambia, "ungemng'ang'ania akusomee kibandiko."

"Aliniambia mumewe ni fundi."

"Fundi naye ni mtu. Haya, lete pawa. Ya volti mia moja na kumi, au inayokubali kote. Wati zipite kidogo mahitaji ya vifaa vyake, zisilingane nayo kabisa. Na sitaki nyepesi." Akapokea mbili, moja kila mkono, akazipima kama anapima mabalungi. "Hii nyepesi imepunjwa shaba ndani. Shika hii, A-hsia. Unausikia uzito? Sasa mwambie aijaribu hapahapa kabla hatujaondoka."

Nikamwambia. Akaijaribu. Ikafanya kazi.

Jioni ile nilifunga mwenyewe, Dada A-luan ameketi tu anakula karanga. Nikaweka pawa mpya ndani ya kasha, kisha bodi. Nikawasha, nikasikia mlio mmoja, nikaandika. Nikazima, nikachomoa, nikaongeza diski. Nikawasha, nikaandika. Mwisho kamera na waya wa intaneti. Kila mara nilishika bomba kwanza. Usiku mzima na Jumatatu kutwa tuliiacha kompyuta ikiendesha programu ya kupima memori, kwa sababu kuna makosa yanayojificha mpaka kifaa kipate moto. Nilikuwa nikipeleka mkono nyuma kuihisi hewa inayotoka. Ilikuwa vuguvugu, haikuunguza. Nilipotoka kazini Jumatatu, skrini ilionyesha makosa sifuri.

Mama mkwe alikuwa ameikumbatia pakiti yake ya kijani.

"Sasa iweke, Mama," akasema Dada A-luan. "Hata laini yetu ilikuwa nayo. Lakini tuliiweka baada ya kupima. Hatukuiweka badala ya kupima."

Tangu wakati huo wamenijia wanawake wanne ambao waume zao wako bara. Wote wanakuja na kitu kilichotumwa kutoka kule, na wote wanasema, "Mume wangu kakichagua." Ninawaambia wasome kibandiko kwanza. Kisha wavipime vifaa nje ya kasha, kimoja kimoja, wakianza na kile wanachokipenda zaidi. Dada A-luan husimama nyuma yangu, ananisahihisha. Siku hizi tunacheka sana pale sakafuni.

Lakini nilitaka kueleza habari za Jumanne ile.

Majirani walikuwa wamewasha mkaa kando ya barabara, wanachoma nyama ya sikukuu. Moshi ulipanda mpaka dirishani kwetu. Mimi na mama mkwe tulikaa mbele ya skrini tangu saa kumi na mbili, nywele tumechana. Saa moja ilipofika, kompyuta ikaita. Nikabonyeza.

Picha ilikuja vipande vipande. Paji la uso. Sikio. Kisha uso wote. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zilikuwa nyeupe. Hazikuwa nyeupe alipoondoka.

"Pi-hsia?"

"Ni mimi."

Kwenye simu tulikuwa na maneno mengi kila Jumapili. Sasa sikupata hata moja. Nilitaka kumshika shavu tu.

Halafu, nakiri, niliacha kuutazama uso wake. Nilitazama nyuma yake. Kitanda kimoja chembamba. Mto mmoja. Taulo moja kwenye msumari.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Sitafuti kitu."

"Unahesabu."

Hakukasirika. Aliishika kamera yake akaizungusha polepole. Nikaona kabati lisilo na mlango. Sufuria moja. Mswaki mmoja ndani ya glasi. Dirisha. Kisha picha ikatikisika, ikasimama.

"Waya umefika mwisho," akasema. "Sijakuonyesha nyuma ya mlango. Kuna mwavuli tu."

"Inatosha," nikasema. Nikaona haya, nikacheka. Nilidhani naye atacheka.

Hakucheka. Akairudisha kamera mahali pake, akatazama mikono yake.

"Na wewe," akasema. "Geuza kamera yako."

"Nigeuzie wapi?"

"Mlangoni. Pale tunapovulia viatu."

Nikaigeuza. Alisogea karibu na skrini yake mpaka nikaona jicho moja tu. Lilikuwa linatafuta.

"Sioni vizuri," akasema. "Ndara zangu bado zipo?"

Ndipo nilipojua kwamba kule nako watu wana midomo. Kule nako yuko mtu anayemwambia mume wangu, mkeo yuko peke yake muda wote huo, unadhani anakungoja wewe?

Niliinuka, nikaenda mlangoni, nikazichukua. Nikazileta mbele ya kamera, moja kila mkono. Zilikuwa safi.

"Zipo," nikamwambia. "Hakuna aliyezivaa."

Alijifuta macho kwa kiganja kizima, kwa nguvu, kama mtu anayefuta grisi.

Mama mkwe akanisukuma kwa kiwiko. Akausogeza uso wake kwenye kamera, karibu mno, mpaka nadhani kule Dongguan zilionekana pua na mdomo tu.

"Wen-tsung!" akasema kwa sauti kubwa. "Njoo uzivae mwenyewe. Mimi nimechoka kuzifuta vumbi."